Taulo la moto kabla ya wembe

Kwa miaka mingi nilinyoa ndevu asubuhi, mbiombio, kwa maji ya bomba na sabuni ya kuogea. Njombe mwezi wa saba maji hayo yanauma vidole, kwa hiyo nililowesha kidevu juujuu tu na kupitisha wembe. Nilitembea na vipele shingoni mwaka mzima, nikaamini ndivyo ngozi yangu ilivyoumbwa.

Aliyenibadilisha ni baba. Alipata kiharusi, upande wake wa kushoto ukalegea, na kazi ya kumnyoa ikawa yangu. Siku ya kwanza nilimnyoa kama nilivyozoea kujinyoa mwenyewe. Hakulalamika. Lakini nilipokuwa nasuuza wembe nikamwona anajigusa shavu kwa mkono wake mzima, kisha anatazama damu kwenye vidole. Usiku ule usingizi haukuja. Kesho yake nilikwenda kwa kinyozi wangu, nikamwomba anifundishe. Alinisikiliza akaniambia: "Kaka, wewe unanyoa ndevu kavu. Umeilowesha ngozi, ndevu zenyewe bado kavu."

Maneno yale ndiyo siri yote ya taulo la moto. Wengi husema joto linafungua matundu ya ngozi. Matundu ya ngozi hayana misuli ya kufungua wala kufunga. Kinachofanya kazi ni maji na muda: unywele wa ndevu unanyonya maji, unavimba, unalainika, na wembe unaukata bila kukandamizwa. Joto linaharakisha tu jambo hilo na kulegeza mafuta ya ngozi yanayozuia maji yasipenye. Ndiyo maana naosha uso kwa sabuni kwanza, taulo baadaye. Ukiruka hatua ya sabuni, umeyapasha mafuta moto na ndevu zimebaki vilevile.

Kwa sisi wenye nywele za kipilipili jambo hili lina uzito zaidi. Ndevu zetu zinajikunja. Ukizikata kwa nguvu, karibu mno na ngozi, ncha inabaki kali kama mwiba, na inapoota inarudi kuchoma ngozi ileile. Hapo ndipo vipele vinapozaliwa. Ndevu iliyolainika hainilazimishi kurudia palepale mara nne, na kurudia ndiko kulikokuwa kunaniumiza.

Sasa, maji. Nyumbani hatuna kile kisanduku cha mvuke cha saluni, tuna chupa ya chai. Natia kwenye beseni kikombe kimoja cha maji yaliyotoka kuchemka na vikombe viwili vya maji baridi ya hapa Njombe. Ukiwa Dar au Mombasa, ambako maji ya bomba yenyewe ni vuguvugu, ongeza kikombe cha tatu cha baridi. Nachovya kitaulo cha uso, nakikamua mpaka kisidondoshe, kisha nakiweka kwanza ndani ya kifundo cha mkono wangu na kuhesabu mpaka kumi. Nikitamani kukiondoa kabla ya kumi, hakijafaa. Tafadhali usiruke kipimo hiki. Maji ya nyuzi 60 yanaweza kuunguza ngozi ya mtu mzima kwa sekunde kama 5 tu, na ya chupa ya chai yanazidi hapo kwa mbali. Ngozi ya mzee ni nyembamba, inaungua mapema zaidi.

Na kama unamhudumia mtu aliyepata kiharusi, sikiliza hili kwa makini: upande uliolegea huenda hauhisi joto sawasawa. Usimuulize kuhusu shavu lile. Anza na upande mzima, muulize, "Baba, moto umezidi?", ungoje jibu, ndipo ufunike uso wote. Kama anatumia dawa za kuzuia damu isigande, zungumza na daktari wake kwanza. Huenda mashine ya umeme ikamfaa kuliko wembe.

Kitaulo nakianzishia chini ya kidevu, nakipandisha mashavuni, pua naiacha wazi. Kinapoa upesi, kwa hiyo baada ya dakika moja na nusu hivi nakichovya tena na kukirudisha. Dakika tatu kwa jumla zinatosha. Nikikiondoa sifuti uso. Napaka povu ngozi ikiwa bado imelowa, naliacha dakika moja, halafu ndipo nashika wembe. Nanyoa kufuata ndevu zinakoelekea. Usikisie mwelekeo huo, upapase kwa vidole; za baba shingoni zinalala kwa ubavu, na sikuwahi kujua. Ngozi siivuti. Mwishoni maji ya baridi, kisha nakausha kwa kugusagusa. Spiriti niliiacha kabisa, ilikuwa inaongeza mwasho tu.

Kila mtu awe na kitaulo chake na wembe wake, hata mume na mke, hata baba na mwana. Wembe unaweza kupitisha homa ya ini na virusi vya UKIMWI. Kitaulo kibichi kilichotundikwa bafuni ni shamba la vijidudu, kwa hiyo nakifua kila baada ya kukitumia na kukianika juani. Msimu wa mvua, jua likikosekana, nakipiga pasi.

Taulo halitibu kila kitu. Ukiwa na vipele vyenye usaha au vidonda, weka kitaulo na wembe pembeni, acha ndevu ziote kwa wiki kadhaa, ukamwone daktari wa ngozi. Shingo yangu mwenyewe haikutulia mpaka nilipokubali kubakiza ndevu fupi kwa mashine sehemu moja chini ya koo, ambayo wembe haijawahi kuupenda.

Baba namnyoa Jumamosi jioni, awe tayari kwa ibada ya Jumapili. Siku hizi akiona nimeshika chupa ya chai na beseni, anavua kofia mwenyewe na kuegemeza kichwa kwenye kiti. Maneno bado yanamtoka kwa shida. Lakini kitaulo kikianza kupoa, anagonga mkono wa kiti mara mbili kwa kidole, nami nakichovya tena.