Anza na Tangi: Ushauri kwa Mwenye Gari la Turbo Anayetaka Kufunga Mfumo wa Kunyunyizia Maji

Kijana mmoja wa Mambrui, ambaye amenunua Subaru Forester ya turbo (kifaa kinachobana hewa na kuisukuma ndani ya injini) iliyotumika Japani, ameniandikia akiniuliza swali ambalo nimekwisha kuulizwa na wengi hapa Malindi: «Kaka, pampu nimeagiza na nozeli ninayo. Je, siwezi kuunganisha mpira kwenye tangi la maji ya wipa nikamaliza kazi?» Nilimjibu papo hapo kwamba asifanye hivyo, lakini jibu fupi halimtoshi mtu aliyekwisha kutoa fedha zake. Kwa kuwa najua kwamba wengi wenu mnaonisoma mna gari la namna hiyo au mnalitamani, nimeona niandike kwa kirefu. Neno langu ni moja: tangi huchaguliwa kwanza, kabla ya pampu na kabla ya nozeli, yaani kile kitundu cha kunyunyizia, kwa sababu mfumo huu, unaonyunyiza maji katika hewa inayoingia kwenye injini ili kuipoza, huilinda injini kwa muda ule tu ambao maji yanafika, na maji yakikatika huku mguu umekandamiza mafuta, injini hubaki hatarini.

Gari nyingi za turbo zilizotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani zilipangiwa petroli ya kule yenye oktani (kipimo cha petroli kustahimili kubanwa bila kujiwasha) inayokaribia 100, ilhali super tunayojaza kwenye vituo vyetu ina oktani ya chini ya hapo. Ongeza juu yake joto la mwezi wa Machi katika pwani hii, ambapo hewa inaingia kwenye turbo ikiwa moto tayari, kisha inabanwa na kuzidi kuwa moto. Mchanganyiko wa hewa na petroli hujiwasha wenyewe kabla ya moto wa plagi kuufikia, na hapo ndipo unaposikia injini ikigonga, hasa unapopanda kwenda Nairobi, mji ulio zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Maji yaliyonyunyizwa kama ukungu ndani ya njia ya hewa huondoa joto hilo kwa kugeuka mvuke: kilo moja ya maji huchukua takriban kilojuli 2,257 ili igeuke mvuke, na methanoli, aina ya alkoholi ambayo wengine huichanganya na maji hayo, huchukua kama nusu ya kiasi hicho.

Jambo hili si geni wala si la wahuni wa mbio za usiku, kama wazee wengine wanavyodhani. Ndege za kivita za Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, miongoni mwao Messerschmitt Bf 109, zilibeba mchanganyiko wa maji na methanoli ulioitwa MW 50. Mwaka 1962 kampuni ya Oldsmobile ya Marekani iliuza gari la Jetfire, lenye turbo na tangi lake maalumu la maji yaliyochanganywa na methanoli, na wenye magari wengi wakawa hawalijazi tena tangi hilo baada ya kuisha. Wahandisi walikuwa wamelifikiria hilo, wakaweka vali ya kupunguza msukumo wa turbo pindi tangi linapokuwa tupu. Katika BMW M4 GTS ya mwaka 2016, tangi ni la lita 5 nalo limewekwa nyuma, kwenye buti. Kampuni hizo mbili zimetengana kwa zaidi ya miaka 50, na bado zote mbili zilihangaika na tangi kwa uzito ule ule waliouhangaikia mfumo mzima.

Sasa nieleze kwa nini naliongea jambo hili kwa ukali. Mara ya kwanza nilipotaka kufungiwa mfumo huu, niliipeleka gari langu Mombasa kwenye gereji ambayo sitaitaja, iliyokuwa na sifa kubwa na bei inayolingana na sifa hizo. Niliuliza juu ya tangi, na msimamizi akanijibu mbele ya vijana wake kwamba tangi ni debe tu, nimwachie fundi kazi yake. Walichomelea kisanduku cha alumini wakakifunga chini ya boneti, karibu na turbo, kwa vyuma visivyo na mpira wowote wa kuzuia mtikisiko. Hawakuweka kihisi cha kiwango cha maji, kisha wakaipanga kompyuta ya injini kana kwamba maji hayatakatika kamwe. Barabara yetu ya kutoka Kilifi hadi hapa ina matuta ya kutosha kuonyesha ubora wa kila uchomeleaji. Mshono ulipasuka, maji yakamwagika pole pole pasipo taa yoyote kuwaka, na pistoni moja ikavunjika kwenye kingo zinazoshikilia ringi. Nilipoirudisha gari, niliambiwa kwamba kosa ni la petroli ya Malindi. Fedha za kuifungua injini ile nilizitoa mwenyewe, na neno lile la «debe tu» limenikaa moyoni mpaka leo.

Mfumo ulio kwenye gari langu sasa niliupanga mwenyewe, nikafungiwa na fundi wa hapa hapa Malindi ambaye hana bango wala sifa za Mombasa, lakini ana subira ya kusikiliza. Nimekwenda nao Garsen, nimekwenda nao Nairobi, nimeuendesha katika vumbi la Marafa, na injini haigongi. Najivunia kazi ile waziwazi, na ninayoyasema hapa chini yametoka katika kazi hiyo.

Kuhusu ukubwa, usiulize wenzako wana tangi la lita ngapi. Uliza nozeli yako inatoa kiasi gani. Nozeli inayotoa mililita 200 kwa dakika italimaliza tangi la lita 5 kwa dakika 25 za kunyunyiza mfululizo, na la lita 10 kwa dakika 50. Katika safari ya kawaida mfumo haunyunyizi mfululizo, kwa sababu huwaka pale tu turbo inaposukuma kwa nguvu, hivyo lita 10 zinaweza kukufikisha mbali sana. Hata hivyo, kila lita ni kilo moja, na kilo hizo zinacheza kila unapokata kona. Kwa gari la barabarani, mimi nasimama kati ya lita 8 na 10, na sioni sababu ya mtu wa Malindi kubeba lita 20 isipokuwa anataka kujionyesha.

Kuhusu kitu lilichotengenezewa, chagua plastiki ngumu ya polithilini, ile ambayo chini yake ina alama ya pembetatu yenye namba 2. Haishiki kutu, inastahimili maji na methanoli, na ikiwa nyeupe unaona kiwango cha maji kwa macho. Chuma cha pua kinafaa pia ikiwa mfuko unaruhusu. Alumini inang'aa na inapendeza kwenye picha, lakini methanoli huishambulia na maji yenye chumvi huitoboa vitobo vidogo vidogo. Sisi tunaishi katika upepo wa bahari, ambako hata bawaba za milango zinalika, kwa hiyo sielewi kwa nini mtu auongeze ugonjwa huo ndani ya gari lake. Tangi la wipa, ambalo kijana wangu wa Mambrui aliliuliza, ni la plastiki nzuri, ila ni dogo, limeshakaa na sabuni kwa miaka, tundu lake la kutokea ni jembamba, na kila unapoosha kioo unaipunguzia injini maji yake.

Mahali pazuri ni kwenye buti, upande mmoja, mbali na joto la injini. Kabla ya kutoboa bati, lala chini ya gari uangalie kwa macho yako kama hapo hapapiti bomba la breki, bomba la mafuta au waya, na uhakikishe kwamba tangi la petroli haliko chini yake. Tumia bolti za chuma cha pua zenye washa pana pande zote mbili, weka mpira kati ya tangi na bati, kisha lifunge kwa mikanda inayolizunguka badala ya kutegemea skrubu zilizoingia kwenye plastiki. Tundu ulilotoboa lipake rangi siku hiyo hiyo, kwa sababu katika hewa yetu kutu haisubiri kesho.

Tundu la kutolea maji liwe sehemu ya chini kabisa ya tangi, na ikiwezekana chini hapo pawe na kishimo kidogo ambamo maji hubaki hata gari linapolala kwenye kona au linapofunga breki kwa ghafla. Vigawanyo vya ndani husaidia kuyatuliza. Pampu za mfumo huu ni hodari wa kusukuma na dhaifu wa kunyonya. Basi iweke karibu na tangi, chini ya usawa wa maji au sambamba nao, na mpira wa kuingilia uwe mfupi na mpana kuliko ule wa kutokea. Chujio likae kabla ya pampu, mahali ambapo mkono unafika bila kufungua nusu ya gari. Mpira mrefu wa kwenda mbele kwenye injini upite mbali na bomba la moshi, na kila unapopenya bati uwekewe pete ya mpira ili usikatwe na kingo za bati.

Kifuniko kisibane hewa yote. Tangi lisilopumua hujinyonya, pampu ikakosa maji huku tangi limejaa nusu, na mwenye gari akaanza kuilaumu pampu. Weka mpira mdogo wa hewa wenye chujio la vumbi, uliopindishwa kuelekea chini na kutolewa nje ya gari. Ukitumia methanoli, hilo la kuutoa nje si la hiari. Mvuke wa methanoli safi hushika moto hata katika nyuzi 12 za Selsiasi, baridi ambayo Malindi haijaijua, na moto wake hauonekani vizuri mchana. Tena ni sumu, na Wakenya wamepofuka na kufa kwa pombe iliyotiwa methanoli. Mimi natumia maji matupu. Wenzetu wa nchi za baridi huchanganya methanoli kwa sababu mbalimbali, mojawapo ikiwa kuzuia maji yasigande, na hilo si tatizo letu.

Jambo ambalo wengi hulipuuza ni vali ya umeme inayofungwa karibu na nozeli. Injini inapozunguka bila mzigo, njia ya hewa iliyo baada ya kipepeo cha mafuta (kibati kinachofungua njia ya hewa unapokanyaga mafuta) hunyonya kwa nguvu, na ikiwa nozeli imefungwa hapo, maji yatavutwa hata pampu ikiwa imezimwa. Tangi likiwa juu kuliko nozeli, maji yanaweza kutiririka yenyewe usiku kucha, yakaingia kwenye silinda. Maji hayabanwi kama hewa. Asubuhi ukiwasha, kinachopinda ni mkono wa pistoni. Vali hiyo ni ya bei ndogo kuliko gasketi za injini moja.

Kisha kihisi cha kiwango. Kiweke juu ya tundu la kutokea kwa kiasi cha kutosha ili kikuonye wakati maji bado yapo, si wakati pampu inameza hewa. Kifungiwe taa kwenye dashibodi, na zaidi ya taa, kiunganishwe na kifaa kinachopunguza msukumo wa turbo. Oldsmobile walilijua hilo mwaka 1962. Vijana wenzangu, mnanunua rimu, mnanunua bomba la moshi linaloamsha watoto wa mtaa mzima, mnanunua saa za kupimia zenye taa za rangi, halafu mnaniambia kwamba kihisi ni gharama isiyo ya lazima. Anayeipenda injini yake huianzia pale pasipoonekana, na ninyi mnaotaka heshima ya barabarani jifunzeni kulala chini ya gari kwanza. Nasema haya nikiwa nimeona injini yangu imelazwa mezani vipande vipande kwa ajili ya uzembe wa watu waliodharau swali.

Mwisho ni maji yenyewe. Usijaze ya kisimani: visima vyetu vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa na mengi yana chumvi. Ya bomba pia usijaze. Tazama ule ukoko mweupe ulioganda ndani ya birika lako la chai, kisha ufikirie tundu la nozeli ambalo halifiki milimita moja. Nunua maji yaliyotoneshwa, yale yanayouzwa kwa ajili ya kujazia betri, na usome kibandiko vizuri, kwa maana duka lile lile huuza na asidi ya betri katika chupa zinazofanana. Tangi jeupe likikaa juani huota ukijani ndani na kuziba chujio. Ndani ya buti lenye giza tatizo hilo hupungua, lakini lioshe kila baada ya miezi michache.

Kwa kijana wa Mambrui na wengine mlio tayari kuanza: mkimaliza kufunga, msiipange kompyuta ya injini kwanza. Ichomoeni nozeli, ielekezeni kwenye chupa yenye alama za mililita, washeni pampu kwa dakika moja kamili, kisha msome kiasi kilichoingia. Katika mililita za tangi toeni kwanza maji yale yanayobaki chini ya kihisi, gawanyeni zilizobaki kwa kiasi hicho, na dakika mtakazopata ziandikeni kwa wino usiofutika kwenye kifuniko cha tangi, ili yeyote atakayeliendesha gari lile azione kila anapojaza.