Jibu: Kwa nini dawa tatu na si moja kali?

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini kliniki hapa Nairobi inampa mjomba wako kidonge cha VVU chenye dawa tatu badala ya moja kali. Chanzo ni kimeng'enya (protini inayofanya kazi ya kunakili) cha VVU kinachonakili RNA, maelekezo ya kijeni ya virusi, kuwa DNA: kikikosea herufi moja ya maelekezo hayo, hakirudi nyuma kusahihisha. Hukosea takriban mara 1 katika herufi 30,000, na jenomu, yaani maelekezo yote ya virusi, ina herufi kama 9,700. Yaani karibu nakala moja kati ya tatu hubeba kosa! Makosa mengi huharibu virusi vyenyewe. Lakini herufi A moja tu ikigeuka G kwenye kodoni (kundi la herufi tatu) ya 184 ya jeni la kimeng'enya hicho, lamivudini, moja ya dawa hizo, huzidiwa nguvu. Virusi kuzishinda dawa zote tatu kwa mpigo ni vigumu mno. Asiruke dozi, tafadhali. Dawa ikipungua mwilini, unakiliaji huanza tena, na makosa nayo.