Maswali na majibu: Nataka kuandaa pambano langu la kwanza la MMA, nianze na nini?

SWALI: Shikamoo kaka. Nafundisha ngumi Manzese, na vijana wangu kadhaa wamehamia MMA, mchezo unaochanganya ngumi, mateke, mieleka na kabali. Mateke wanayo, mieleka wanaijua, na wawili wakikukaba kabali hutoki. Nina akiba ya milioni 12 na rafiki yangu yuko tayari kuongeza kidogo. Nataka niwe promota. Nilipie ukumbi kwanza au nitafute mdhamini? Na nisipokuwa na kizimba cha wavu kama cha UFC, ile kampuni kubwa ya MMA ya Marekani, watu watakuja kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Ukumbi na mdhamini visubiri. Kaa chini na daftari uandike nani atapigana na nani, kisha tafuta daktari atakayekubali kukaa kando ya ulingo mpaka pambano la mwisho. Ukumbi Dar haukosi. Kinachokosekana ni pambano lenye uwiano, na hapo ndipo mapromota wengi wapya wanapoharibu.

Wewe umetoka kwenye ngumi, kwa hiyo umezoea kumpima bondia kwa rekodi yake. Kwenye MMA rekodi ya ngumi haikwambii mengi. Bondia aliyeshinda mara kumi anaweza kupigwa ngwala sekunde ya ishirini, akalaliwa, na asijue la kufanya. Yeye ataumia, na mashabiki wake waliotoka Manzese kumwona hawatarudi. Basi uliza mambo mengine. Amefanya mazoezi ya kupigana chini kwa muda gani? Akiwa chini ya mtu anajua kunyanyuka? Akikabwa anagonga mkono mapema kukubali kushindwa, au ni wa kung'ang'ania mpaka azimie? Majibu usiyachukue kwa kocha wake wala kwenye video za simu. Nenda kambini, kaa, tazama mazoezi mpaka mwisho. Zanzibar kuna wacheza judo wazuri, na boti ni saa mbili tu, lakini usimchukue mcheza judo ambaye hajawahi kupigwa ngumi ya pua ukampambanisha na bondia mzoefu kwa kuwa uzito wao unalingana. Kwa usiku wa kwanza, mapambano sita yaliyopangwa vizuri yanatosha kabisa.

Uzito nao usiuchukulie kirahisi. Mwaka 2015 mpiganaji wa China, Yang Jian Bing, alifariki Manila kabla ya pambano lake kwa sababu ya kujikausha maji ili afikie uzito. Alikuwa na miaka 21. Baada ya hapo ONE Championship, kampuni ya Asia iliyoandaa pambano hilo, walibadili kanuni zao ili kuzuia kupunguza uzito kwa kujikausha. Kwa joto letu la Dar, kijana anayekimbia ufukweni na masweta mawili huku hanywi maji anacheza na figo zake na moyo wake. Pima mara mbili: wiki moja kabla, kisha siku moja kabla. Aliyezidi sana wiki moja kabla, mpandishe daraja la uzito au vunja pambano. Afadhali upoteze pambano moja.

Kanuni usizitunge. Zipo kanuni za pamoja za MMA zilizoanzia New Jersey na sasa zinatumika karibu kila mahali: raundi tatu za dakika tano, na tano kwa pambano la ubingwa. Kwa vijana wako tumia mfumo wa ridhaa wa IMMAF, shirikisho la kimataifa la MMA, raundi tatu za dakika tatu, bila viwiko. Refa wa ngumi peke yake hatoshi. Unahitaji mtu anayejua kabali imekaa au haijakaa, maana aliyezimia hagongi mkono, na refa asiyejua atasubiri. Mtafute kwenye judo au mieleka, umlipe, na umfanyishe mazoezi ya urefa kabla ya siku yenyewe.

Kibali anzia Baraza la Michezo la Taifa, BMT, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967 kusimamia michezo yote nchini. Peleka barua yenye tarehe, ukumbi, orodha ya wapiganaji na jina la daktari, uulize utapangwa chini ya chama gani. Kisha nenda kwa afisa utamaduni na michezo wa manispaa yenye ukumbi, halafu polisi. Fanya haya kabla ya kuchapisha bango hata moja.

Kuhusu kizimba: si lazima. Pride, kampuni ya mapambano ya MMA ya Japani, ilijaza kumbi kubwa kwa miaka kumi ikitumia ulingo wa kamba. Hatari ya ulingo ni watu kuchomoka kati ya kamba wakishikana mieleka, kwa hiyo ongeza kamba ya tano chini na uweke watu wa kuwazuia pande zote nne. Fundi wa kuchomelea anaweza kukutengenezea kizimba baadaye, ilmradi kila nguzo ivikwe godoro.

Sasa hela. Malipo ya wapiganaji, daktari na gari la wagonjwa yatenge benki siku ile ile unaposaini mikataba, na usiyaguse hata ukumbi ukikudai. Usimwahidi mpiganaji hela ya mlangoni, kwa sababu mashabiki wetu hununua tiketi siku yenyewe, na mvua ya jioni inaweza kuwabakisha nyumbani. Lipa usiku huo huo. Mdhamini mfuate ukishakuwa na video ya usiku wako wa kwanza. Kabla ya hapo unamuuzia maneno matupu.

Tarehe isigongane na mechi ya Simba na Yanga, wala isiangukie Ramadhani. Na aliyepigwa KO asirudi ulingoni kwako kabla ya miezi miwili na kibali cha daktari, hata kocha wake akikubembeleza, hata kama kocha huyo ni wewe.