Kona ya Kompyuta: Kabla hawajafomati, subiri kwanza

Mwezi huu maswali yamekuja mengi na karibu yote yanaishia palepale, fundi kasema tupige Windows upya. Nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa wengi. La kwanza nimelijibu kwa urefu makusudi, maana humo ndani kuna kazi za watu.

SWALI: Shikamoo fundi. Nina steshenari Tanga, natumia Dell OptiPlex ya used yenye Windows 10. Juzi umeme ulikatika, ukarudi, ukakatika tena, na tangu siku hiyo nikiwasha inaleta skrini ya bluu imeandikwa INACCESSIBLE_BOOT_DEVICE, inajizima inajiwasha inarudi hapohapo. Kijana wa jirani anasema Windows imekufa tufomati tu. Shida yangu humo kuna CV za wateja, mitihani ya shule mbili na hesabu zote za kikoba chetu. Nifanyeje? (Mama Steshenari, Tanga)

JIBU: Marahaba dada yangu, na huyo kijana mwambie asubiri, tena usimwachie mashine aondoke nayo.

Hayo maandishi maana yake Windows imeanza kuamka ikashindwa kuifikia diski yake. Hayasemi mafaili yamefutika. Na kwa hizi OptiPlex za zamani kuna sababu moja ambayo mafundi wengi wanaipita tu bila kuiangalia. Kwenye mazabodi kuna kabetri kaduara kama sarafu, juu kameandikwa CR2032, kazi yake ni kutunza saa na mipangilio ya BIOS (kiprogramu cha kwenye mazabodi kinachoiamsha mashine kabla ya Windows) pale mashine inapokosa umeme. Mashine nyingi za used zinafika huku zimeshatumika miaka kadhaa maofisini Ulaya na kabetri ni kalekale ka kiwandani. Kakiisha, siku umeme umekatika jumla mipangilio inarudi kama ilivyotoka kiwandani, na kwa Dell nyingi za aina hiyo diski inakuwa kwenye RAID On, wakati aliyekuwekea Windows huenda aliiweka diski ikiwa kwenye AHCI (hizo ni njia mbili tofauti za mashine kuongea na diski). Kwa hiyo Windows inaamka, inaitafuta diski kwa njia iliyoizoea, haiioni, inaanguka na hiyo bluu. Windows nzima, diski nzima, mafaili yapo, ila fundi mwenye haraka atafomati na itawaka kweli, atasema si nilikwambia.

Sasa washa, na nembo ya Dell ikitokea gongagonga F2 mpaka uingie kwenye BIOS. Kitu cha kwanza angalia tarehe. Kama inasoma mwaka wa zamani huko, betri ndo imeisha, hapo hakuna ubishi. Halafu upande wa kushoto fungua System Configuration, ingia SATA Operation, utaona AHCI na RAID On. Ipige picha kwa simu jinsi ilivyo, kisha weka ile nyingine, bonyeza Apply, toka iache iwake. Kubadili hapo hakufuti kitu, ikigoma unarudisha ulivyoikuta kwa kuangalia picha yako. Kama badala ya bluu inaanza kukwambia haioni diski ya kubuti, basi angalia na sehemu ya Legacy na UEFI (njia ya zamani na ya kisasa ya kuamka), nayo hurudi ya kiwandani vilevile.

Ikikuletea skrini inayoomba namba ndefu ya tarakimu 48, usishtuke, hiyo ni BitLocker, kufuli ya Windows ya kufunga diski, imeona mipangilio imebadilika ikataka uhakika. Namba hiyo mara nyingi inakuwa imehifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika kuiwasha mashine, unaingia kwenye akaunti hiyo kwa simu unaisoma. Ila bila namba hiyo hakuna fundi wa kukufungulia, hata akuahidi nini.

Ikiwaka, kopi kwanza mafaili yako nje, ndo mengine yafuate. Baada ya hapo zima, chomoa waya ukutani, badili betri, rudi kwenye BIOS weka tarehe na ile SATA Operation iliyoiwasha, kisha Apply.

Na kama imegoma kabisa bado hatufomati. Tafuta flashi ya GB 8, kwenye kompyuta ya mtu mwingine pakua Linux Mint (mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kama ilivyo Windows), iandike kwenye hiyo flashi kwa programu inaitwa Rufus (ni ya bure, na kumbuka flashi itafutwa yote), ichomeke kwenye Dell yako, washa ukigonga F12, chagua flashi. Itaamka Mint kutoka kwenye flashi bila kugusa diski. Utakuta ikoni imeandikwa Install Linux Mint, hiyo iache kabisa. Fungua Files, diski yako iko kushoto, ingia Users, ingia folda yenye jina lako, chukua Desktop, Documents, Downloads na Pictures, kopi kwenye eksteno, yaani diski ya nje. Desktop naitaja ya kwanza kwa sababu wenye steshenari wengi kazi zote ziko pale na ndo folda inayosahaulika sana. Mkiwa hapohapo fungua programu inaitwa Disks, ibonye diski, nenda SMART (ripoti ya afya ya diski), tazama mstari wa Reallocated na wa Pending, hiyo inahesabu sehemu mbovu. Namba zikiwa sifuri hiyo ni dalili nzuri, zikiwa zinapanda basi hiyo diski inakwenda, usiweke Windows mpya juu yake, nunua SSD, diski ya kisasa yenye kasi. Na kama inatoa sauti ya kugonga, tik tik tik, zima muda huohuo na usiiwashe tena kujaribujaribu, mpelekee mtu anayefanya kazi ya kuokoa data.

Mafaili yakishakuwa nje na umeyafungua mawili matatu ukaona yanafunguka, hapo kijana aje afomati, lakini kaa naye. Kuna hatua Windows inauliza iwekwe wapi na inaorodhesha Drive 0 Partition 1, 2, 3, 4, na mafundi wengi hapo wanagonga Delete zote mpaka inabaki nafasi tupu. Kama ulikuwa na D yenye vitu, imeondoka nayo. Mwambie aache D kama ilivyo. Na ukipata hela ya UPS (betri ya kuishikilia mashine umeme ukikatika) inunue, kwa umeme wa kukatika mara mbili mfululizo hiyo mashine inateseka.

SWALI: Habari fundi, mimi niko Nakuru. Nina HP EliteDesk 800 G1, i5 ya jenereshoni ya 4, ramu GB 4, hadi diski ya kawaida. Windows 10 ishaisha muda wake na hii mashine imekataa Windows 11. Naambiwa ninunue ingine. Ni kweli? (Msomaji, Nakuru)

JIBU: Si kweli kwamba lazima. Microsoft iliacha kuitengenezea Windows 10 apdeti za bure tarehe 14 Oktoba 2025. Mashine haizimiki kwa hilo, itawaka kama kawaida, ila tundu jipya la usalama likigunduliwa halizibwi tena. Kwa watumiaji wa nyumbani waliongeza mwaka mmoja wa apdeti za usalama hadi 13 Oktoba 2026, unajiandikisha ndani ya Settings kwenye Windows Update, kwa hiyo hiyo ni njia ya kununua muda tu.

Windows 11 inataka TPM 2.0 (chipu ya usalama) na, upande wa Intel, jenereshoni ya 8 kwenda juu. Ukitaka kujua yako soma namba inayofuata baada ya i5, i5-4570 ni ya 4, i5-8500 ni ya 8. Zipo njia za kuilazimisha, hata Rufus inakupa kitufe cha kuruka hivyo vipimo, na itaingia vizuri tu, lakini Microsoft wenyewe wanasema mashine ya hivyo hawaidhamini kupata apdeti. Mimi siishauri kwa mashine unayoingilia benki au ya kazi, maana siku apdeti kubwa inagoma uko katikati ya kazi ya mteja.

Mimi ningefanya hivi. Toa hiyo hadi diski weka SSD hata ya GB 240, ongeza ramu ifike GB 8, halafu weka Linux Mint 22 toleo la Xfce, lile jepesi. Hiyo inapata apdeti hadi 2029, bure. SSD peke yake utaiona tofauti siku hiyohiyo, mashine ya kuwaka dakika kadhaa inawaka kabla hujakaa vizuri. Kabla ya kuweka iendeshe kutoka kwenye flashi kwanza ujaribu vitu vyako, intaneti inashika? sauti ipo? printa inachapa? Printa za HP nyingi inazitambua yenyewe, Canon ndogo za leza mara nyingi utahitaji draiva kutoka tovuti ya Canon. Mambo ya kwenye brauza, eCitizen, barua pepe, benki, hayajali uko Windows au Linux. Mafaili ya Word na Excel yanafunguka kwa LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, ila yenye majedwali mengi na fonti za ajabu yanaweza kuhama mistari, kwa hiyo kazi ya kumrudishia mteja itume kwa PDF. Photoshop haimo, na kama kazi yako ni hiyo basi kweli tafuta mashine ya jenereshoni ya 8, za used zipo.

SWALI: Bro nimeweka Linux Mint pembeni ya Windows, zote zinawaka. Ila nikitoka Mint nikaingia Windows saa inarudi nyuma masaa 3, na nikiwa Mint diski D nafungua ila siwezi kuseva kitu. (Mwanafunzi, Dodoma)

JIBU: Mdogo wangu mashine yako haina ugonjwa. Linux inaandika saa ya kwenye mazabodi kwa UTC, saa ya kimataifa, Windows inaisoma kama saa ya hapa, na sisi Afrika Mashariki tuko mbele ya UTC kwa masaa 3, ndo hayo unayoyaona yamepotea. Ukiwa Mint fungua Terminal andika timedatectl set-local-rtc 1, weka pasiwedi, ingia Windows rekebisha saa mara moja, basi. Mint itatoa onyo kuhusu mabadiliko ya saa za kiangazi, kwetu hayapo kwa hiyo halikuhusu.

Ya D ni Fast Startup. Windows ukiizima haizimiki yote, inalala nusu, na diski inabaki na alama kwamba bado inatumika, Mint ikiona hivyo inakufungulia kusoma tu isije ikaharibu. Ingia Control Panel, Power Options, ile Choose what the power buttons do, toa tiki kwenye fast startup, kisha zima upya.

SWALI: Nimepakua ISO ya Windows 11 nimeikopi kwenye flashi vizuri, kompyuta haiioni kabisa kwenye kubuti. (Msomaji, Bukoba)

JIBU: Kukopi faili la ISO hakutoshi, lazima liandikwe kwa programu kama Rufus. Bando lako halijapotea, faili ni lilelile.

SWALI: Fundi, nilipigiwa Windows upya Mlandege, sasa imeandika Activate Windows pembeni. Aliyeniwekea kanitumia kiprogramu akasema nizime antivairasi kwanza ndo nikifungue. Nimekifungua jana. Ni salama? Mashine ilikuja na Windows 10 Pro. (Dada wa Unguja)

JIBU: Hapana dada, si salama. Programu inayokutaka uzime mlinzi kabla ya kuingia huwezi kujua imeingia na nani, na vingi vya hivyo vinabeba vya kuiba pasiwedi. Linaloniuma ni kwamba hukukihitaji. Mashine iliyotoka kiwandani na Windows 10 Pro kwa kawaida ufunguo wake umo ndani ya BIOS, ukiweka Pro ileile na kuunga intaneti inajiaktiveti yenyewe. Ukiona haijiaktiveti, kitu cha kwanza cha kushuku ni kwamba kakuwekea toleo jingine, Enterprise kwa mfano. Bonyeza Windows na R, andika winver, soma toleo.

Kwa kuwa umeshakifungua, hii ndo mashine ambayo mimi mwenyewe nakwambia ifomatiwe. Toa mafaili yako tu, picha na dokumenti, programu usibebe hata moja, uwekewe Pro safi kutoka tovuti ya Microsoft. Na leo hii, kabla hata hujampigia mtu, badili pasiwedi za barua pepe na benki kwa kutumia simu, usizibadilie kwenye hiyo kompyuta.