Jibu: "Ile hela tuma kwenye namba hii"

Mkuu, hiyo meseji uliyoibandika, inayokutaka utume hela kwenye namba usiyoijua, ni utapeli. Wanairusha kwa watu wengi kama ndoano, wakitegemea mmoja wao yuko njiani kumtumia mwenye nyumba kodi. Usijibu wala kupiga. Andika neno UTAPELI, tuma 15040 (namba ya kuripoti utapeli hapa Tanzania), kisha fuata maelekezo na uweke namba iliyokutumia.

Kama kweli kuna mtu anayekudai, mpigie kwa namba uliyonayo siku zote.

Ile meseji nyingine ya "nimekosea, nirudishie", ya anayejifanya amekutumia hela kimakosa, ndiyo mbaya zaidi, maana inaiga muamala halisi. Usiiamini meseji; angalia salio kwenye menyu. Umeshatuma? Piga 100, huduma kwa wateja ya mtandao wako, sasa hivi, taja kumbukumbu namba ya muamala. Hela zikishatolewa kwa wakala, kuzirudisha ni kazi.