Mitaa Isiyotokeana

SWALI: Mhariri, mji wetu unapanuka kwa kasi. Kila anayekata viwanja pembezoni anaweka lango moja na njia zinazoishia ukutani. Je, kuna kipimo cha kuonyesha kwamba mitaa haiunganiki, au tutabaki na malalamiko tu?

JIBU: Kipimo kipo, na ramani na kalamu vinatosha. Tia nukta kwenye kila makutano na kila mwisho wa njia isiyopenya. Hesabu vipande vya barabara vilivyo kati ya nukta na nukta, kisha gawanya idadi ya vipande kwa idadi ya nukta. Mitaa iliyopangwa kimraba hukaribia 2. Iliyojaa njia zisizopenya hushuka karibu na 1. Baadhi ya miji ya Marekani hudai walau 1.2 au 1.4 kabla ya kuidhinisha ramani.

Ila hesabu hiyo hudanganya. Barabara zinazokatana kila baada ya mita 500 nazo hupata karibu 2, na mwenda kwa miguu anaumia vilevile. Kwa hiyo hesabu pia makutano kwa kilomita ya mraba. UN-Habitat, shirika la Umoja wa Mataifa la makazi, hupendekeza 80 hadi 120. Makutano 100 maana yake njia zinakatana kila mita 100 hivi. Barabara iliyofungwa kwa lango usiihesabu, hata kama kwenye ramani inang'ara.

SWALI: Eneo letu ndiyo kwanza linapimwa. Tudai nini?

JIBU: Barabara zifike hadi mstari wa mpaka wenyewe. Mtego uko hapa: mwenye mradi huacha ukanda wa sentimita 30 mwishoni mwa barabara ukiwa mali yake, na jirani atakayepima baadaye hawezi kuunganisha bila kuununua. Ukaguzi wa ramani ufanyike kabla ya muhuri. Kisha wekeni bango la "Barabara itaendelea" tangu siku ya kwanza. Pasipokuwa nalo, wanunuzi huamini mwisho ule ni wa kudumu na huja kupinga kuunganishwa.

Mkiogopa magari ya kupita, barabara za ndani zikutane kwa umbo la T. Njia nne zikikatana, magari yana sehemu 32 za kuweza kugongana. Kwenye T ni 9.

SWALI: Na kwetu ambako nyumba zimeshajaa?

JIBU: Toboeni kwa waenda kwa miguu. Anzeni pale ambapo majirani wametengwa na mita 40 lakini kwa barabara ni mita 1,200. Upana wa mita 3 unatosha, njia iwe nyoofu ili anayeingia aone mwisho wake, iwe na taa, na nguzo ya kuzuia magari iwe ya kung'olewa wakati wa dharura.