Mwanangu, usiende kumchukua shuleni

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma baada ya isha, nikairudia tena alfajiri. Unasema umepanda basi kutoka Dar hadi Ngamiani, hapa Tanga, kwa mama yake mtoto, ukaambiwa mlangoni kwamba mtoto kaenda Pangani kwa bibi yake, na simu hazipokelewi. Sasa unaniuliza: kwa kuwa hukumu imesema malezi ni ya wote wawili, ukimsubiri mtoto shuleni ukaondoka naye, utakuwa umekosa?

Ndiyo, utakuwa umekosa. Hukumu imesema mtoto akae kwa mama yake, wewe uwe naye wikiendi na nusu ya likizo. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumwondoa mtoto kinyume cha sheria mikononi mwa anayekaa naye kihalali, na ubaba wako hautakukinga. Leo anayevunja amri ni mama yake. Ukimbeba mtoto shuleni mtakuwa mmeivunja wote, na la kwako ndilo litakalopigiwa kelele.

Matumizi nayo usikate, hata marafiki wakikwambia umbane kwenye hela. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inamtaka baba amtunze mwanawe, akae naye asikae naye. Tuma kwa simu kila mwezi na ujumbe wa muamala usiufute.

Miaka niliyokaa masjala ya mahakama niliona kesi hizi nyingi. Kuna mtoto mmoja wa darasa la pili sijamsahau. Alikaa kwenye benchi la varandani, baba upande huu, mama upande ule, begi la shule mapajani, akawa anafungua zipu na kuifunga, anafungua na kuifunga, hamtazami yeyote. Sitaki mjukuu wangu akae kwenye benchi lile, lakini ikibidi twende mahakamani, twende tukiwa tumejipanga.

Anza Ustawi wa Jamii, pale halmashauri ya jiji. Usiwadharau. Afisa atawaita nyote wawili, atazungumza na mtoto, na mkikubaliana mtaandikiana na kutia sahihi. Msipokubaliana, ripoti yake ina uzito mbele ya hakimu. Ukifika huko, msikilize mama yake ana hofu gani. Kama analalamika kwamba mtoto akitoka kwako anarudi hajafanya kazi za shule, hilo lijibu kwanza kabla ya kudai haki yako.

Ikishindikana, rudi mahakama ile ile iliyotoa amri. Unaweza kuomba amri itekelezwe. Akiendelea kukaidi, hapo anaidharau mahakama, na adhabu inaweza kufika faini au kifungo. Mimi nakuomba usikimbilie kumfunga. Mama yake akilala mahabusu, mtoto atajua ni baba aliyempeleka.

Kwa maoni yangu, ombi lenye faida zaidi kwako ni kurekebisha amri yenyewe. Nimeisoma hukumu yako: "wikiendi na nusu ya likizo," basi. Wikiendi ipi? Saa ngapi? Nani anampeleka, nani anampokea? Amri ya namna hiyo inampa mtu nafasi ya kusema kila Ijumaa kwamba si wikiendi yako. Omba iandikwe wazi: wikiendi ya kwanza na ya tatu, kuanzia Ijumaa saa kumi na moja jioni hadi Jumapili saa kumi, akabidhiwe kwa shangazi yake Makorora ili nyinyi wawili msikutane mlangoni mkatukanana mbele yake. Likizo ya Desemba nayo igawanywe kwa tarehe. Sheria ya Ndoa inairuhusu mahakama kubadilisha amri ya malezi mambo yanapobadilika, na kunyimwa mtoto mara kwa mara ni badiliko la kuonyesha.

Usitegemee kwamba kwa kuwa ametimiza miaka 9 sasa ni wako. Sheria inachukulia kwamba mtoto wa chini ya miaka 7 ni bora akae na mama, lakini akishapita umri huo hahami moja kwa moja. Hakimu anatazama maslahi ya mtoto: anataka nini mwenyewe, na kama kumhamisha kutamyumbisha.

Sheikh wetu ana nia njema ya kuwasuluhisha, mwendeeni. Ila karatasi yake haiwezi kufuta amri ya mahakama.

Wakili akikushinda bei, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria, na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo. Wanajua kusaidia kuandaa maombi.

Kuanzia leo nunua daftari. Andika tarehe uliyokwenda, saa, nani alikufungulia, alisema nini. Tiketi za basi bandika humo. Meseji zako kwake ziwe fupi na za heshima, maana huenda hakimu akazisoma. Ukija Tanga, pitia kwangu na nakala ya hukumu yenye muhuri, tuandike hizo tarehe pamoja kabla hujaenda Ustawi.

Baba yako